Ziwa Si la Matanga Tu

Mimi ni mzima wa kigongo, ingawa lau si rehema za Mwenyezi Mungu na mtungi mmoja wa plastiki, ukurasa huu ungekuwa na tanzia yangu badala ya maoni yangu. Hayo nitayaeleza huko mbele. Kwanza niseme lililonifanya nishike kalamu.

Muhula wa tatu mwaka jana, mwalimu wetu wa Kiswahili alituuliza maana mbili za neno "matanga". Darasa zima likajibu kwa sauti moja: msiba! Kukesha kwa marehemu! Maana ya pili ikatushinda kabisa. Ilibidi mwalimu achore mashua ubaoni, na juu yake kile kitambaa kinachoshika upepo. Ajabu ya Musa! Sisi watoto wa Yimbo na Sakwa, ambao wengi wetu huona matanga meupe ziwani hata kabla ya kuona chai, tulilijua neno kwa maana ya kilio tu. Tulicheka sana siku hiyo. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani nilianza kufikiri kwamba kosa lile halikuwa la msamiati. Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu ziwa ni la mambo mawili, kazi na kilio. Baba huenda ziwani kutafuta samaki, mama huenda ufuoni kununua samaki, na siku nyingine kijiji kizima hukaa mchangani kungoja maiti ielee.

Maoni yangu ni kwamba kuna jambo la tatu, nalo ni raha. Nasema raha, sikukosea. Nataka vijana wa Bondo tufundishwe kuogelea na kupiga kafi kwa kujifurahisha, vile tunavyofundishwa kandanda na voliboli, na nataka shule yetu iwe ya kwanza. Najua kuna waliokwisha guna. Ngojeni kwanza.

Mwezi wa Aprili mwaka jana, 2025, wakati wa likizo, pikapu moja ilikuja ufuoni kwetu karibu na Usenge ikiwa imebeba vyombo viwili virefu vyembamba, kimoja chekundu na kingine cha manjano. Watoto tulikimbia kuvitazama. Wenye vyombo walikuwa wawili, dada mmoja muuguzi kutoka Kisumu na rafiki yake kijana wa Jinja, Uganda. Yule dada alisalimia wazee kwa Kijaluo safi, akawapa mikono mmoja mmoja, kisha akauliza upepo wa siku hizo unaanza saa ngapi. Wazee walishangaa. Ni nadra mgeni kuja na kitu cha rangi ya kung'aa namna ile kisha akauliza wenyeji chochote.

Vyombo hivyo huitwa kayaki. Kwa urefu, kayaki ya maji mapana hufika mita tano hivi, na upana wake haufiki hata mita moja. Mtu huingia katika tundu la katikati, hunyoosha miguu mbele, hukaa makalio yake yakiwa chini karibu sawa na maji, na hupiga kafi lenye bapa pande zote mbili, kulia, kushoto, kulia, kushoto. (Wanachama wa Chama cha Kiswahili, tafadhali tusichanganye kafi na kasia. Kasia hufungwa ubavuni mwa chombo na mvutaji huenda akiwa ameupa mgongo mwendo wake. Kafi hushikwa mikononi bila kufungwa na mpigaji hutazama anakoenda.) Mbele na nyuma ya mkaaji kuna vyumba viwili vilivyozibwa visipitishe maji, ambavyo kazi yake ni kubeba hewa na mizigo. Hata tundu la katikati likijaa maji, chombo hakizami kama jiwe.

Lakini si chombo kilichonishangaza, bali walichofanya kabla ya safari. Waliingia maji ya kiunoni, mbele ya kijiji kizima, wakajipindua makusudi! Kichwa chini, chombo juu. Mama mmoja alipiga ukemi. Mara yule dada akachomoka chini ya kayaki, akaishika, akaigeuza, akalala kifudifudi juu ya mgongo wake, akateleza hadi tundoni, akaketi. Kisha akatoa maji kwa pampu ndogo ya mkono. Halafu akarudia tena. Baba yangu, ambaye amevua katika ziwa hili kwa zaidi ya miaka ishirini, alisimama kimya mikono nyuma. Baadaye dada huyo alimwambia, "Baba, siku nitakayopinduka bila kupenda, mwili wangu utakuwa umeshazoea." Baba hakujibu.

Kesho yake waliondoka alfajiri kwenda kisiwa cha Mageta na kurudi kabla upepo wa mchana haujawa mkali. Hawakwenda kununua wala kuuza. Walikwenda kuona tu! Walipiga picha mahali ambapo serikali ya mkoloni iliwafungia wapiganaji wa Mau Mau miaka ya 1950, wakanywa chai kwa watu, wakarudi. Mimi nimezaliwa hapa na nilikuwa sijawahi kukanyaga Mageta. Nilijionea aibu kidogo.

Waliporudi waliniruhusu nijaribu karibu na ufuo, maji yakinifika kifuani. Kwanza dada alinivalisha jaketi la kuokoa maisha. Nilidhani kuvaa kwatosha. La hasha! Alikaza kamba zote, akashika mabega ya jaketi akalivuta juu kwa nguvu. Likafika masikioni mwangu. Akasema likifanya hivyo ni kubwa mno, majini litapanda na kuniacha ndani yake nikiteleza kama mhogo uliomenywa. Akanipa dogo zaidi. Mbele lilikuwa limefungiwa filimbi, kwa kuwa sauti ya mtu aliyechoka haifiki mbali lakini filimbi hufika. Simu yake ilikuwa shingoni katika mfuko usioingia maji. Alikuwa na kofia, mikono mirefu na maji ya kunywa. Na rangi ile nyekundu niliyoiona kama ya maringo, kumbe ni ili mashua za injini zimwone. Jambo jingine alilonifundisha ni kwamba kafi halipigwi kwa mikono bali kwa kiwiliwili chote. Dakika kumi tu nilizunguka pale, lakini wacha niseme ukweli, sijawahi kusikia furaha ya namna ile. Nilikuwa naona mawe chini. Nilikuwa naenda mimi mwenyewe.

Sasa nifike kwenye mtungi wa plastiki.

Mwezi wa Julai, Jumamosi moja, mimi na binamu yangu tuliamua tusingoje wageni warudi. Tuliichukua mashua ndogo ya mbao ya mjomba bila kumwomba. Makafi tulitengeneza kwa vipande vya ubao. Majaketi hatukuwa nayo. Kuogelea, yeye anajua kidogo ule wa mbwa, na mimi sikujua hata kidogo. Msomaji, usiniulize akili zilikuwa wapi.

Tuliondoka saa moja asubuhi na chombo kilikwenda vizuri ajabu. Tulijisifu jinsi tulivyo na nguvu. Kumbe nguvu hazikuwa zetu! Mlifundishwa katika jiografia kama mimi, kwamba usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, kwa hiyo hadi asubuhi upepo huvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na mchana hugeuka. Niliwahi kupata alama zote katika swali hilo, tena kwa mchoro. Lakini nikiwa majini halikunijia. Ni upepo uliokuwa ukitusukuma kutoka nyuma. Tulipogeuka turudi ndipo tulipojua. Tulipiga vibao vyetu hadi viganja vikatoka malengelenge, na mti wa ufuoni tulioufanya alama haukusogea. Binamu alichoka, chombo kikageuka ubavu, wimbi moja likaingia, la pili likamaliza.

Sitaeleza sana. Nakumbuka ladha ya maji na kimya kilichokuwa chini yake. Mkono wangu ulishika mtungi wa lita ishirini tuliouleta wa kutekea maji, ambao kwa bahati ulikuwa umefungwa kifuniko. Niliukumbatia. Binamu alishika mbao za mashua. Mashua ya abiria iliyotoka Mageta kwenda Usenge ikatuona, na nahodha wake akatuvuta mmoja mmoja kwa shati. Mama mmoja alinifunika leso yake. Hakunigombeza, aliniuliza tu, "Nyathina, kwani hukufundishwa kuogelea?" Nikasema la. Akasema, "Hata mimi." Katika mashua ile ya abiria nilitazama huku na huku. Majaketi yalikuwepo, yamefungwa pamoja kwa kamba chini ya kiti, yamelowa. Hakuna aliyekuwa amevaa.

Habari haina miguu lakini hukimbia. Jumatatu katika gwaride tuliitwa mbele. Tulipewa adhabu ya kufyeka nyasi siku tano na wazazi wakaitwa. Hilo sina kinyongo nalo. Tuliiba mashua, tuliwatia wazazi hofu, na tulistahili hata siku kumi. Lililonichoma ni maneno tuliyoambiwa mbele ya shule nzima: "Ziwa si mahali pa kuchezea."

Walimu wangu, naomba radhi, maana mkubwa hakosolewi hadharani. Lakini hapo ndipo ninapotofautiana nanyi, na kwa vile ukurasa huu ni wa maoni, nitasema.

Je, ni kina nani huzama katika ziwa hili? Mwaka 1996, tarehe 21 Mei, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikafa na mamia ya watu. Walikuwa wakicheza? Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa mita chache tu kutoka gati la kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimeundwa kubeba watu wapatao mia moja. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Walikuwa wakitoka sokoni. Mita chache! Watu waliokuwa nchi kavu waliwaona. Na wale tunaowazika huku kwetu bila kutajwa redioni ni wavuvi wa omena waliotoka usiku, ni abiria waliovuka jioni, ni watoto waliokwenda kuteka maji. Wapo pia watoto waliokwenda kuogelea, sikatai, na mimi nilibaki kidogo niwe katika hesabu hiyo. Lakini wote hao wana jambo moja linalowaunganisha: chombo kilipopinduka, au mguu ulipoteleza, hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza. Hawakuwahi kujipindua makusudi katika maji ya kiunoni huku mtu akiwatazama.

Kazi haifundishi jambo hilo. Mvuvi hana siku ya kujipindua, ana wavu wa kutegua na mafuta ya kulipia. Baba yangu ana jaketi zuri la rangi ya machungwa. Kwa miaka mingi amelikalia kama mto, kwa sababu akilivaa anapovuta nyavu humkwaza na kumtia joto, na pia wenzake humcheka. Nilimuuliza kama anajua kuogelea. Alisema, "Nikijua kuogelea si nitakuwa naliambia ziwa linijaribu?" Nimesikia wavuvi wengine wakisema maneno kama hayo. Anayekwenda majini kwa raha ndiye mwenye nafasi ya kuuliza maswali ya kitoto: upepo ukigeuka je? Nikianguka nitaingiaje tena? Jaketi hili lanitosha kweli? Na akishayajua hayo kwa raha, atayajua pia siku atakapopanda mashua ya abiria na mtoto mgongoni.

Hoja ya pili ninayoisikia ni kwamba hayo ni mambo ya wazungu wenye pesa. Hapa nacheka kidogo. Kayaki si ya wazungu. Iliundwa na Wainuiti na jamaa zao wa Greenland na kaskazini ya Amerika, watu wa barafu, ambao walitandaza ngozi za sili juu ya fremu ya mbao au mifupa na kwenda nazo kuwinda. Ilikuwa chombo cha riziki kama mashua za baba zetu. Ni baadaye sana, mwaka 1865, ndipo Mskoti mmoja aitwaye John MacGregor alipoagiza chombo kidogo cha mbao cha kuiga namna hiyo, akakiita Rob Roy, akazunguka nacho mito ya Ulaya na kuandika kitabu. Wengi wakamwiga, na mwaka 1936 mchezo huo ukaingia katika Olimpiki ya Berlin. Kwa hiyo chombo cha kazi kiligeuka cha raha bila kuacha ujuzi wake. Mbona chetu kisigeuke?

Tena Waafrika wenzetu wameshatutangulia. Maji haya haya tunayoyaona hapa hutokea Jinja na kuwa mto Nile, na huko vijana waliozaliwa vijijini kando ya mto wamekuwa wapiga kayaki hodari wa maporomoko. Walizidi kung'ang'ana hata baada ya bwawa la Bujagali la mwaka 2012 na lile la Isimba la mwaka 2019 kufunika baadhi ya maporomoko yao. Mganda Kathleen Noble alishindana kuvuta makasia katika Olimpiki ya Tokyo. Na huko huko Tokyo mwaka 2021, katika michezo ya walemavu, Kenya iliwakilishwa na Asiya Mohamed Sururu wa Mombasa, ambaye alipoteza miguu yote miwili katika ajali ya treni akiwa mtoto mdogo. Alivuta makasia. Mimi nina miguu miwili na ziwa mlangoni, lakini nilihitaji mtungi.

Na kwa kuwa nimetaja wanawake, niliseme na hili. Mimi ni msichana. Wazee wetu waliamini kwamba mwanamke akipanda mashua ya uvuvi samaki hukimbia. Siwabezi wazee. Lakini kayaki haitafuti samaki, basi wakikimbia na wakimbie.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo ni ziwa lenyewe. Si bwawa la hoteli. Lina ukubwa wa kilomita mraba 68,800 hivi, na Kenya tuna kama asilimia 6 tu, kwa hivyo anayepotea hatachelewa kujikuta akijieleza kwa askari wa Uganda. Lina viboko, ambao alfajiri na jioni huwa karibu na matete na hawapendi mtu awazibie njia ya kurudi majini. Lina mamba. Lina magugu maji, yaliyoingia upande wetu kama miaka ya 1990, na yanaweza kufunga ufuo usiku mmoja ukashindwa kutoka. Na lina kichocho. Hiki ndicho mama yangu anachonitajia kila mara, naye ana haki. Konokono wanaoeneza kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kule kule ambako mtoto asiyejua kuogelea hudhani ni salama. Dawa ipo na tunaimeza, lakini ukirudi majini unaweza kuambukizwa tena. Kwa hiyo mahali pa kujifunzia ni lazima pachaguliwe na watu wanaojua, pasiwe na majani, pazungushiwe kamba na maboya, na wanafunzi wapimwe na kupewa dawa kila mara inapotakiwa. Mimi sioni kwamba haya yanaua hoja yangu. Yanaonyesha tu kwamba kazi hii haifai kuachiwa watoto wawili na mashua ya mjomba.

Tena hatuhitaji kuanza na kayaki. Bei yake najua itawakohoza wazazi, na sitaki chama kife kabla ya kuzaliwa. Tuanze na majaketi kumi yanayotukaa vizuri, filimbi kumi, na mtu mzima anayeogelea. Katika kila ufuo kuna kamati ya wavuvi inayojua ni nani. Mwaka wa kwanza tujifunze kuelea, kuogelea na kutulia. Makafi na vyombo vifuate, na hapo tuna mafundi wa mashua papa hapa Usenge ambao wakielezwa wanaweza kuunda kijimashua chepesi cha mtu mmoja chenye vyumba vya hewa. Mafundi wa Lamu walijenga jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, wakalifunika kwa vipande vya slipa kuukuu, wakaliita Flipflopi, na mwaka 2021 lilitembea katika ziwa letu kuanzia Kisumu. Kama slipa zilivuka ziwa, ubao wa fundi wetu utashindwa nini? Wadogo zetu wa Gredi ya 10 walioingia mwaka huu wana mkondo mzima wa Sanaa na Michezo. Huo ndio mlango. Na kama fedha hazipo, basi mimi niko tayari mwaka ujao Chama cha Kiswahili kisiende Mombasa kuona bahari. (Katibu wa safari asinichukie.)

Nikirudi kwenye Kiswahili chetu, mnajua ni methali ngapi za vyombo tunazopamba nazo insha? Chombo cha kuzama hakina usukani. Tezi na omo hurejea ngamani. Nimeandika hiyo ya ngamani mara nyingi na nikapewa alama ya vyema. Siku ile ya Julai nilipoona maji yakikusanyika chini ya miguu yetu, yakipanda, ndipo nilipojua ngama ni wapi.

Tangu mwezi wa Agosti nimekuwa nikijifunza. Nahodha yule yule aliyenivuta kwa shati ndiye anayenifundisha mimi na binamu, Jumapili baada ya ibada, mahali penye mawe pasipo na majani. Baba hukubali kwa sharti kwamba yeye awepo, na kwamba nivae lile jaketi lake la machungwa hadi nahodha aseme vingine. Alilifua, akalishona kamba mpya. Anapokwenda kuvua usiku hulichukua, na mama ameniambia siku mbili tatu amemwona akiondoka akiwa amelivaa, ingawa huenda hulivua akifika kwa wenzake. Sasa naweza kuogelea kutoka kwenye jiwe hadi mashua iliyotiwa nanga na kurudi bila kupumzika. Baba hupima umbali kwa kamba ya wavu na kila juma huongeza pima moja.

Jumapili moja ya Disemba alivua viatu. Akaingia hadi magotini, akangoja kidogo, akaingia hadi kifuani, akasimama hapo akiwa ameinua mikono juu ya maji kana kwamba amebeba kitu. Kisha akaniita karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini nahodha asisikie, "Omera, unafanyaje yasiingie puani?"